Tundu la Wivu wa Maendeleo

Nchi ninayoisimulia hamtaiona kwenye ramani. Zamani ilikuwapo, lakini siku moja Mheshimiwa Rais aliikunjua ramani mezani akagundua kwamba nchi ya ng'ambo ya mto imechorwa kubwa kuliko yetu, tena kwa rangi ya kijani. Sisi tulipakwa rangi ya mchanga. Ramani zote zikakusanywa zikapelekwa kurekebishwa, na mpaka leo hazijarudi. Tunaoishi humo tunajua tupo, inatosha.

Baadaye Mheshimiwa akaenda ng'ambo kwa ziara ya kirafiki, akaonyeshwa malisho. Redio ilisema nyasi zilimfika magotini, na kwamba ng'ombe mmoja mnene alimgeukia, akamtazama juu mpaka chini, kisha akaendelea kula kama vile hakuona mtu. Mheshimiwa alirudi anaumwa. Madaktari wakapima damu, wakapima mkojo, hawakuona kitu. Mwishowe mke wake akawaambia, "Mnajisumbua bure. Huyu ana wivu."

Taifa likapumua. Ugonjwa ukapewa jina zuri, wivu wa maendeleo, na kabla mgonjwa hajapata nafuu ukapewa hata wizara yake. Wizara ya Wivu wa Maendeleo ina jengo refu kuliko yote mjini, isipokuwa la Wizara ya Fedha, na nasikia wafanyakazi wa ghorofa ya juu hawashushi pazia la upande ule kwa sababu kila asubuhi ni lazima waumie kidogo kabla ya kuanza kazi.

* * *

Wizara ilianza na uzio. Ilitangazwa kwamba kila uzio unaotenganisha malisho ya jirani na jirani lazima uwe na tundu la kuchungulia, liitwalo Tundu la Maendeleo. Kimo chake kiliwekwa sawa na macho ya raia wa wastani. Raia wa wastani alitafutwa nchi nzima, na kwa bahati njema akapatikana kuwa Waziri mwenyewe, ambaye ni mrefu kama mlingoti.

Mimi ni mfupi. Nilikuwa napanda juu ya ndoo, mwanangu Tulizo mgongoni, ndipo jicho langu lifike.

Siku ya kuchungulia alikuja Afisa Wivu wa Kata, Bwana Kolimba, mtu mpole mwenye suruali iliyopigwa pasi hadi unaogopa kumgusa. Shingoni alining'iniza kile kifaa cha daktari cha kusikilizia moyo. Unachungulia malisho ya jirani, yeye anakuwekea kifaa mgongoni, wewe unaguna. Mmh! Mguno huo ndio unaopimwa. Ukichungulia ukanyamaza, anakuuliza kwa upole, "Mama, huoni wivu? Hutaki nchi iendelee?" Basi unapanda tena ndoo.

Jirani yangu ni Mama Tegemea. Yeye na mimi tulihamia pale mwaka mmoja, tukakata shamba la marehemu mzee mmoja katikati, tukaweka uzio wa mabanzi. Ardhi ni ile ile, imechoka ile ile. Hata ng'ombe wetu tulinunua mnada mmoja, siku moja: wangu Sikitu, wake Bibiye, wamefanana utadhani wamelala tumbo moja. Tofauti ni kwamba upande wake kuna mti mkubwa kando ya barabara, na upande wangu hakuna.

Sisemi nilikuwa na wivu. Nilikuwa natazama tu. Natazama bati lake linavyong'aa. Natazama anavyoanika kanga, doti kwa doti, zote zimekamilika, hakuna iliyobaki nusu kwa kubebea mtoto. Kanisani yeye huimba peke yake mbele, sisi wengine tunaitikia kwa pamoja. Nikawa najiambia, ni kitu cha kawaida, macho yameumbwa yatazame.

Lakini maziwa hayakuwa kitu cha kawaida. Sikitu alikuwa anapungukiwa. Nyasi zilikuwa fupi, za njano, ukizipita zinachoma vidole, na kila asubuhi kamba ya maziwa inayoingia kwenye kibuyu ikawa nyembamba zaidi. Tulizo alikuwa na kikombe chake cha bati. Akimaliza kunywa hukigeuza juu chini, akachungulia ndani, akanipa. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alikuwa ananipa tu kikombe na kunitazama, kama fundi anayekurudishia kifaa kilichoharibika.

Jioni nilikuwa nasoma darasa la watu wazima pale shule ya msingi, na Mwalimu Redempta alikuwa ametueleza kwamba nyasi nazo zinakula. "Mkilisha ng'ombe kila siku bila kurudisha kitu ardhini," alisema, "hammlishi nyasi. Mnamlisha ardhi yenyewe, mpaka iishe." Niliporudi nyumbani usiku ule nilijisikia kama mtu aliyekuwa akimnyima mgeni chakula bila kujua. Nikawa naomba kimoja tu: mbolea kwa malisho yangu, mvua zikianza, kikombe cha Tulizo kijae.

* * *

Mbolea ikaja. Lori zima, magunia yamechapwa picha ya ng'ombe anayetabasamu. Kata nzima tulifika na matoroli, na ndoo, na mwingine alileta beseni la kuogea. Waziri wa Wivu wa Maendeleo, Mheshimiwa Profesa Lumuliko, alikuja mwenyewe. Gari lake liliegeshwa chini ya mti wa Mama Tegemea kwa sababu lilikuwa linahitaji kivuli.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Ng'ambo ya mto wana nyasi. Sisi tuna nini? Tuna uchungu! Na uchungu ndio mbolea ya kwanza!"

Tukapiga makofi, huku tunatazama mbolea ya pili kwenye lori.

"Sasa, wataalamu wangu walipendekeza tugawe magunia haya kwa kila mfugaji kidogo kidogo. Nikawauliza, kila mtu akipata kidogo, nani atamwonea mwenzake wivu? Wakakosa jibu! Kwa hiyo mbolea yote ya kata hii itamwagwa kwenye malisho ya mtu mmoja. Yatakuwa Malisho ya Mfano. Yeye atastawi, nyinyi mtaumia, na kwa kuumia mtaendelea!"

Kisha akainua kidole. "Katika serikali hii kila mwenye macho ana haki ya kuona wivu, na tundu limfuate mwenye macho mahali macho yake yalipo!" Msaidizi wake akamnong'oneza kwamba hilo halikuwa limepangwa. Waziri akasema ni sheria tangu dakika ile.

Ikatangazwa kwamba mshindi atapatikana kwa miguno. Kila mtu akaenda kwenye tundu lake. Sasa mimi, na ujinga wangu, nilidhani anayeguna sana ndiye anayepewa. Si ndiye mwenye uhitaji? Nikapanda ndoo, nikachungulia kwa Mama Tegemea. Palikuwa na kijani kidogo chini ya mti, kama shuka lililosahaulika. Nikafikiria bati. Nikafikiria kanga. Nikafikiria kikombe cha bati kilichogeuzwa. Nikaguna mpaka Tulizo akashtuka mgongoni.

Bwana Kolimba aliondoa kifaa masikioni, machozi yakimlengalenga. "Mama Tulizo," alisema, "huu ni mguno wa kitaifa."

Wakapakua lori lote kwa Mama Tegemea. Kumbe anayepewa ni anayeguniwa.

Jioni ile ile mvua ikanyesha. Redio ikasema ni ya wizara.

* * *

Nyasi za Mama Tegemea zilitoka kama zimeitwa kwa majina. Kijani chake kilikuwa kile kizito, karibu na cheusi, kile ambacho hata ukifumba macho bado unakiona. Nilikuwa napika, nakiona. Nilikuwa naandika insha ya Mwalimu Redempta, nakiona. Upepo ukivuma ulikuwa unaniletea harufu yake, na Sikitu alikuwa anageuza masikio yote mawili upande ule, anasahau kucheua.

"Jirani," Mama Tegemea aliniita siku moja kupitia tundu. Niliona jicho moja tu.

"Abee."

"Mbona umenuna?"

"Nimenuna wapi? Uso wangu ndio ulivyo."

"Uso wako naujua, Mama Tulizo. Huo ni wa kununa."

"Wewe mwenye shibe huna haja ya kutazama nyuso za watu."

Jicho likapepesa. "Shibe?" akasema. "Shibe gani? Njoo hapa. Panda ndoo yako utazame vizuri."

Nikapanda. Nikatazama, si nyasi, bali nyuma ya nyasi. Kulikuwa na kibao kikubwa kilichoandikwa MALISHO YA MFANO, NI MARUFUKU KULISHA, na upande wa barabara mgambo na fimbo. Nje ya kibao, amefungwa kwenye kisiki, alikuwa Bibiye. Mbavu zake ungeweza kuzihesabu hata kama hujui kuhesabu. Alikuwa anatazama majani yake mwenyewe.

"Wamesema yakiliwa hayatakuwa mfano tena," alisema Mama Tegemea. "Wala nisiyakate. Ardhi yangu, nyasi zangu, ng'ombe wangu anakula maganda ya ndizi. Na wewe upande wako, hata kama ni hayo manyasi ya njano, ng'ombe wako anatembea, anakula, anakunya anapotaka. Unajua mimi huwa nasimama hapa nachungulia kwako? Kila siku. Naguna mpaka kifua kinauma."

Nilishuka kwenye ndoo nikakaa juu yake. Nilikuwa sijawahi kuonewa wivu maishani mwangu. Niseme kweli, nilijisikia vizuri kama mtu aliyevaa viatu vipya. Ikachukua muda kabla sijamwonea huruma.

"Mwenzangu," nikasema, "Waziri si alisema tundu limfuate mwenye macho?"

"Alisema. Kwa nini?"

"Sikitu ana macho."

* * *

Sisi ni watu wa kutii sheria. Nilichukua msumeno nikakata tundu kwenye mabanzi, kwa kimo cha macho ya Sikitu. Lakini macho ya ng'ombe hayako mbele kama yetu, yako pembeni, moja huku na moja kule, na katikati kuna kichwa kizima. Tundu halikuwa na budi kuwa pana.

Sikitu alitia kichwa, akaona wivu papo hapo.

Bwana Kolimba alipofika alikuta kichwa kiko kwa Mama Tegemea na mwili uko kwangu. Akafuta miwani.

"Mama Tulizo, huyu anafanya nini?"

"Anachungulia, bwana Afisa. Mheshimiwa alisema kila mwenye macho."

"Na ulimi?"

"Wivu umemzidi."

Akafikiri. Kisha akamwekea Sikitu kifaa ubavuni. Sasa mjue tumbo la ng'ombe aliyeshiba nyasi mbichi linavyonguruma, tena linapocheua. Bwana Kolimba aliruka nyuma. Akasikiliza tena, safari hii amefumba macho kama yuko ibadani.

"Hii kata," alinong'ona, "haijawahi kutoa wivu wa namna hii. Huu si wivu wa maneno, mama. Huu ni wivu wa vitendo!"

Akaagiza tuongeze matundu, na ripoti yake ikampandisha cheo.

Tuliongeza. Uzio ukawa kama chujio. Na kwa kuwa Bibiye naye ana macho, na kwa kuwa mtu hawezi kuchungulia kwake mwenyewe, Mama Tegemea alikuwa anamleta kwangu kila asubuhi, anamsimamisha kando ya Sikitu, wote wawili wanaingiza vichwa. Mbele walikula kwake, nyuma waliweka kwangu. Ukanda wa nyasi kando ya uzio ulikuwa unaliwa, unachipua upya, laini, unaliwa tena. Katikati ya Malisho ya Mfano, ambako hakuna kichwa kilichofika, nyasi zilirefuka, zikakomaa, zikawa ngumu kama za kuezekea.

Samadi niliizoa nikaifunika kwa majani ya migomba kama alivyotufundisha Mwalimu Redempta, na mvua ziliporudi nikaitawanya. Kwa hiyo siwezi kuisingizia serikali. Mbolea yake ilinifikia. Ilipita njia ndefu tu, ndani ya ng'ombe wawili.

Malisho yangu yakaanza kubadilika rangi. Kwanza madoa, kama nguo iliyodondokewa na kitu. Halafu madoa yakashikana. Asubuhi moja nikakamua kibuyu kikajaa, nikamimina kikombe cha Tulizo hadi mdomoni. Akanywa. Akakigeuza juu chini kwa mazoea, na tone kubwa likamwangukia puani. Alicheka mpaka akakaa chini.

Ningelikomesha hadithi hapo kama ingekuwa nchi nyingine.

* * *

Waziri alirudi kukagua mfano wake. Alisimama mbele ya nyasi zile ngumu, zimelala chini kama walevi, akajisikiliza moyoni. Hakuona wivu hata kidogo. Akaguswa kifuani na Bwana Kolimba kwa kifaa: kimya.

"Mfano umekufa," alisema Waziri. Kisha, kwa kuwa ni mrefu, hakuhitaji tundu. Akatazama juu ya uzio, upande wangu.

Niliona uso wake ukibadilika. Nikajua nimekwisha.

"Aisee," alisema. "Kule ni kwa nani?"

Walizunguka wote, na msafara, na mpiga picha, na mtu wa kubeba kibao. Nilisimama katikati ya nyasi zangu na Tulizo mkononi, kikombe chake kikining'inia kidoleni kwake. Waziri akanipa mkono wa pongezi. Akanieleza kwamba serikali imeniona. Kibao kitahamishwa kwangu leo hii, ng'ombe wangu atafungwa nje, na Mama Tegemea atarudishiwa malisho yake alishe anavyotaka, kwani kata moja ina mfano mmoja tu.

"Mheshimiwa," nikasema, "huyu ng'ombe ndiye aliyeyastawisha. Mkimtoa hayataendelea."

"Mama," alisema kwa huruma, "usichanganye mfano na ng'ombe."

Lakini utaratibu ni utaratibu. Mfano hauwi mfano mpaka jirani agune. Akaitwa Mama Tegemea, akaambiwa achungulie kupitia lile tundu la kwanza, la kimo cha Waziri. Yeye ni wa kimo cha kutosha, hahitaji ndoo. Na hilo pia nilikuwa nikimwonea wivu siku zote.

Bwana Kolimba akaenda upande wa pili, akamwekea kifaa mgongoni. Upande wangu niliona jicho lake likitokea tunduni, jicho lile lile moja.

Nilijua anachoona. Kijani chote kile, ambacho nusu yake ilitoka kwa Bibiye wake. Mguno mmoja tu, na ardhi yake inarudi. Hakuhitaji hata kusema uongo. Alikuwa na wivu kweli, alishaniambia kwa mdomo wake. Ningekuwa mimi, na Tulizo nyumbani na kikombe chake, sijui ningefanya nini. Sitaki kujua.

Jicho lilitembea polepole kutoka kona hadi kona. Likamtazama Sikitu. Likanitazama mimi. Likashuka hadi kwenye kikombe.

"Haya, mama," alisema Waziri. "Unaona nini?"

"Naona nyasi," alisema Mama Tegemea.

"Na unajisikiaje?"

"Kawaida."

"Guna basi."

"Nigune nini, Mheshimiwa? Pa kawaida tu hapa. Huyu jirani yangu mvivu, hata kufagia hafagii. Nyasi zenyewe fupi kama mwenye nazo."

Mtu mmoja kwenye msafara alicheka. Masikio yangu yakawaka moto.

"Kolimba!" akaita Waziri. "Moyo unasemaje?"

Kupitia matundu ya ng'ombe nilimwona Bwana Kolimba ameinama, kifaa masikioni, jasho linamtoka. Mimi najua moyo ule ulikuwa unasema nini; ulikuwa unapiga hadi mabanzi yanatikisika. Afisa alimtazama Mama Tegemea kisogoni. Akamtazama Sikitu, ambaye alimpandisha cheo. Akavua kifaa polepole.

"Mheshimiwa," alisema, "sisikii wivu wowote."

Waziri alikuwa amepauka kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. "Kata nzima," alisema, "haina wivu. Na mimi nimewapa lori." Akatoa hukumu pale pale: kata yetu inafutwa katika orodha ya maendeleo, kibao king'olewe, mgambo aondoke, wafugaji waachwe walishe wanavyojua wenyewe bila msaada wowote wa serikali mpaka watakapojifunza kuumia.

Tulisimama tumeinamisha vichwa, kama watu walioadhibiwa. Msafara ulipopotea kwenye kona, Bwana Kolimba alijipangusa paji la uso, akauliza kama kuna maziwa.

* * *

Siku hizi Bibiye analala kwake na kula kwake. Mama Tegemea alifyeka zile nyasi ngumu, akazifanya matandiko ya zizi, na matandiko yakawa mbolea, na zilizochipua ni laini ajabu. Asubuhi mimi naye hupeana habari kupitia matundu, maana hakuna aliyeziba hata moja.

Jana nilikuwa nakamua. Tulizo alikuwa kando yangu na kikombe. Nikainua macho, nikamwona Bibiye kupitia tundu la Sikitu, amegeuka ubavu, anang'aa kama aliyepakwa mafuta. Mbavu hazionekani. Kanenepa kumzidi Sikitu. Na lile neno, "fupi kama mwenye nazo," naona halikuwa la lazima.

Mmh.

"Nimekusikia!" ikaja sauti kutoka ng'ambo ya mabanzi.

"Umesikia nini? Sijaguna."

"Umeguna, Mama Tulizo."

"Nimekohoa."

"Kohoa tena basi nisikie."

Nikakohoa. Tulizo naye akakohoa, maziwa yamemzunguka mdomo. Upande wa pili nikasikia ndoo inasogezwa, ikafuata sauti ya mtu mrefu anayepanda asipohitaji kupanda, na jicho likatokea juu kabisa ya uzio, likatazama kibuyu changu kilivyojaa.

"Mmh," lilisema jicho.